Maji Yasiyobadilishwa

Ko. Ko-ko. Ko.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na mabomba yalikwisha kuanza kugonga ndani ya kuta za nyumba ya Bi Mahfudha. Alikuwa macho, kama wazee wengi saa hizo, akayafuata kwa masikio bila kuinua kichwa kwenye mto. Mlio ulitoka jikoni kwenye boila ya kuchemshia maji, ukapita ukumbini, ukapita chini ya dirisha la bintiye Rukiya, ukakata kona. Ulipofika mlango wa chumba cha mwisho, ukanyamaza.

Ilikuwa vivyo hivyo kila alfajiri tangu baridi ilipoingia. Joto lilizunguka nyumba nzima likakiogopa chumba kimoja, na chumba chenyewe ndicho alichofia mumewe, Bwana Khelef, baridi ya mwaka uliopita.

Asiyewahi kulala Dubai mwezi wa Januari atasema bibi huyu anadeka. Lakini baridi ya jangwani haibishi hodi. Mchana jua linawaka, watu wanatembea na shati moja. Usiku ukiingia, baridi inashuka kwenye marumaru ya sakafu, na alfajiri mwenye mifupa ya kizee anaikuta inamngoja chini ya kitanda. Bwana Khelef alilijua hilo mapema kuliko majirani. Ujanani alitolewa Unguja akapelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea mabomba ya kupasha nyumba moto, na ingawa maisha yalimzungusha mpaka yakamtua Ghuba, ufundi ule hakuusahau. Alipojenga nyumba yake Al Barsha, wakati huo mtaa mzima ni mchanga na vigingi vya kupimia viwanja, aliagiza rejeta za chuma, zile za kupitisha maji ya moto, akazitundika ukutani, moja kila chumba. Jirani wakamcheka. Wakamuuliza, jua lote hili Khelef halikutoshi? Naye akacheka nao. Baridi ilipofika, walewale walikuja na vikombe vyao vya kahawa, wakakaa na migongo yao imeegemea rejeta, wala hakuwakumbusha neno.

Sasa jumba kubwa la maduka lilikuwa limefunguliwa karibu, mtaa umejaa magari, na Khelef hayupo.

Bi Mahfudha alikuwa na swali moja. Katika miezi ile ya mwisho, mumewe akiwa kitandani na moyo wake mchovu, usiku alikuwa akikunja miguu usingizini na kunong'ona, "Baridi, Mahfudha." Asubuhi akiulizwa husema amelala vyema, alhamdulillahi, joto latosha. Lakini mkono wa Bi Mahfudha haukudanganyika. Rejeta ya kando ya kitanda chake ilikuwa vuguvugu juu, na chini baridi kama jiwe la kisimani. Kwa nini ile tu? Nyumba nzima ipate moto, akose mgonjwa? Alikaa eda na swali hilo, akatoka eda nalo bado.

Rukiya, aliyekuwa akifanya kazi benki, aliona dawa ni kuzing'oa rejeta zote zipelekwe kwa wanunua vyuma Ras Al Khor, kila chumba kiwekwe hita ndogo ya umeme. Mama yake hakubisha. Alimwomba kitu kimoja, kwamba kabla ya kung'olewa, aitwe fundi aifungue ile ya chumba cha baba, aisafishe, na amwambie kilichoifika. Rukiya akamtazama mama yake, akaacha alichotaka kusema, akapiga simu.

Mafundi walifika asubuhi na gari la kampuni kutoka Al Quoz, wawili. Mmoja alikuwa Mkenya aitwaye Clifford, kijana mrefu wa maneno mengi, aliyeingia uani akitazama mabomba kama mtu aliyeonyeshwa ndovu. Mwenzake, Zakayo, alikuwa mtu mzima wa makamo, Mtanzania wa Makete, huko milimani ambako asubuhi majani huwa meupe kwa barafu. Alimwamkia bibi, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," na Bi Mahfudha akafurahi, kwani miaka mingi mafundi wa nyumba ile walikuwa wa kuonyeshana kwa vidole na yalla yalla, haraka haraka.

Alimtazama alivyoingia chumbani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mswala wa marehemu ulikuwa umekunjwa juu ya kiti, na kofia yake juu ya mswala. Zakayo akauliza kama anaweza kuvisogeza, akavibeba kwa mikono miwili, akaviweka kitandani palipo pakavu. Ndipo akatandika mataulo makuukuu chini ya rejeta, maana alisema maji yatakayotoka yakigusa zulia hayatoki tena.

Bi Mahfudha akaona huyu ni mtu wa kuambiwa. Akamweleza jinsi alivyokuwa akiitunza ile rejeta mwenyewe. Mumewe alipoanza kuugua, alifungua ile koki ndogo ya chini, akaona maji yanatoka meusi. Akasikitika kwamba mgonjwa amelazwa kando ya maji machafu. Basi kila Alhamisi alikuwa akileta beseni, akayamwaga yote mpaka yatoke meupe, na boila ikajivutia maji mapya. Siku hiyo rejeta ilipata moto kidogo, kisha ikapoa tena. Alhamisi nyingine maji ni meusi vilevile, naye akayamwaga vilevile. Hakukosa hata Alhamisi moja. Akamwonyesha na beseni lenyewe.

Zakayo alikuwa ameshika spana. Akaitazama ile koki, akapitisha kidole juu yake. Akasema, "Ulijitahidi sana, bibi," akainama kwenye kazi yake.

Wakazima boila, wakafunga vali mbili za pembeni, wakalegeza nati. Maji yalipoanza kutoka yalikuwa meusi kama wino wa pweza, yakifuatwa na kitu kizito chenye kuvutika. Wakaziba matundu kwa matambara, wakaibeba rejeta mpaka uani, kila mmoja upande wake, wakiyumba kama wabeba jeneza. Bi Mahfudha alipoliona lile alirudi jikoni.

Alikuwa ameandaa chai ya maziwa yenye hiliki, na maandazi yake mwenyewe. Rukiya humwambia kila mara kwamba mafundi wa Dubai hawatarajii chai, naye humjibu kwamba ndiyo maana. Akapanga vikombe kwenye sinia. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na uani maji yalikuwa yakivuma ndani ya chuma. Walikuwa wameingiza mpira wa maji tundu la juu, na Zakayo akiigonga rejeta kwa nyundo ya mpira, taratibu, pande zote, ili tope lililoganda lilegee. Kila walipoiinamisha lilimwagika kwa wingi.

"Buda, hii ni uji ama ni nini?" alisikika Clifford. Kisha akacheka. "Na umeona hiyo koki? Meno imeisha yote. Mtu alikuwa anafungua hii kitu kila wiki, maji mpya, maji mpya, kama anaosha tangi ya samaki. Huyo ndiye aliua hii rejeta. Angeiacha tu, ingepasha mpaka leo."

Nyundo ikanyamaza. Zakayo alisema kitu kwa sauti ya chini, na Clifford naye akanyamaza.

Bi Mahfudha alikuwa amesimama na andazi mkononi. Aliliweka kwenye sahani. Akavuta kiti, akakaa.

Alikulia nyumba yenye mtungi. Kila Alhamisi mama yake aliumwaga mtungi hata kama umejaa, akausugua, akaufukiza ubani, ndipo akatia maji mapya kwa ajili ya Ijumaa. Maji yaliyolala hualika maradhi, alisema mama. Na kazi hiyo ilipomwangukia Mahfudha akiwa msichana, ndipo siku moja alipokuja kijana mmoja kutengeneza mfereji wa nyumba ya jirani. Akaomba maji. Akapewa kata. Akanywa akamaliza, akauliza nani kafukiza mtungi huu. Maji hayo ndiyo yaliyomrudisha na wazee wake kuja kuposa, na kijana huyo ndiye Khelef. Nyumba hii ya Dubai haikuwa na mtungi, ilikuwa na friji. Khelef alipoanguka kitandani, na mke hana tena la kumfanyia ambalo nesi hakulifanya vizuri zaidi, aliona koki ile, akaona Alhamisi.

Alipoweza kuinuka alichukua sinia akatoka uani.

Clifford alipomwona alishika mpira kwa bidii, macho chini. Rejeta ilikuwa imelazwa juu ya mkeka mkuukuu, na njia nyeusi imetambaa kutoka kwake mpaka kwenye shimo la maji machafu. Bi Mahfudha akawakaribisha chai. Akangoja Zakayo apige funda la kwanza, akamuuliza ni kitu gani kimeiharibu.

"Uzee, bibi," alisema Zakayo. "Chuma nacho huzeeka. Ya mwisho kwenye mstari ndiyo huanza."

Alisema akitazama kikombe. Bi Mahfudha akauona uongo ule, na akaona pia umetengenezwa vizuri, umepigwa msasa ili usimchome. Aliona ni wema. Kama si kwa lile swali alilokaa nalo mwaka mzima, angeupokea akashukuru.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Nilikuwa dirishani."

Clifford akazima mpira. "Shosho," alisema mwishowe, "mimi sikujua ni wewe. Hii mdomo yangu..."

"Mdomo wako umesema kweli, mwenzio ndiye amenionea huruma. Kunywa chai, itapoa." Kisha akamgeukia Zakayo. "Nieleze kama unavyomweleza fundi mwenzio. Usinifunike."

Zakayo akaweka kikombe chini. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaisogeza kwenye lile tope, nalo likairukia, likasimama nywele nywele. Akamweleza kwamba uchafu huu haukutoka nje, ni chuma chenyewe. Maji mapya huja na hewa ndani yake, na hewa ile ndiyo inayokula chuma. Ikishamalizika, maji hutulia, chuma nacho hutulia. Maji meusi katika rejeta hayana ubaya wowote, hayanywewi na mtu. Yakimwagwa, mapya huja na hewa nyingine, na kula kunaanza upya. Na kwa kuwa yalimwagwa kila mara kwa koki ileile ya chumba kile, tope la nyumba nzima lilivutwa kuja hapo, likatuama chini, likaziba.

"Maji haya hayabadilishwi, bibi. Jinsi yanavyozeeka ndivyo yanavyofaa."

Bi Mahfudha akatikisa kichwa polepole. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni, kama baridi hiyo ndiyo iliyomwua mumewe.

Zakayo akaifuta sumaku kwa tambara. "Hilo silijui," alisema. "Mimi najua mabomba. Daktari alisema nini?"

Daktari alisema moyo. Alisema moyo tangu miezi mingi kabla, na mablanketi yalikuwepo, na soksi za sufu alizomvisha mwenyewe. Rukiya angesema hakuna mtu aliyekufa Dubai kwa rejeta. Lakini mtu anaweza asife kwa baridi, na bado akawa ameihisi. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa Bi Mahfudha moyoni, kwamba mkono uliompelekea baridi ile ni huu wake.

Zakayo alikuwa akiitazama rejeta, amekunja uso. Akauliza jambo ambalo bibi hakulitarajia. "Mzee alikuwa anakuona ukiyamwaga?"

"Akiniona. Kitanda kile pale, na koki ile pale."

"Na hizi rejeta alizifunga yeye mwenyewe."

"Kwa mikono yake. Alizisomea Ujerumani."

Zakayo akasogea karibu na sinia. Akachukua andazi, akalimega, hakulila.

Bi Mahfudha alikaa na maneno yale mawili, akayaweka pamoja. Na hapo ikamjia Alhamisi ya kwanza kabisa. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, beseni mbele yake, shati la mumewe amelifanya tambara. Akajisifu kwamba atayatoa maji yote machafu haya, alale kwenye usafi. Alipotupa jicho, Khelef alikuwa ameinua mkono kutoka kitandani, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari. Midomo ilikuwa imeanza neno. Kisha akamtazama, akamtazama sana, na mkono ukashuka juu ya blanketi. Akaomba chai.

Mwaka mzima Bi Mahfudha alikuwa akikumbuka kwamba siku ile mumewe aliinua mkono kuomba chai.

"Alijua," alisema.

Zakayo akatazama chini. "Fundi yeyote angejua, bibi. Hata mwanafunzi."

"Na kila Alhamisi akaniambia ahsante. Akasema, maji yako Mahfudha siku zote ni masafi." Akachukua upindo wa mtandio akajifuta macho, si haraka, kama mtu anayefuta miwani. "Angesema neno moja tu. Neno moja angelala na joto."

Clifford alikuwa ameinama akiokota vipande vya matambara ambavyo havikuhitaji kuokotwa. Zakayo ndiye aliyesema mwishowe, na alisema kama anayejisemea. Bibi yake kule Makete, alisema, macho yalipomfifia, alikuwa bado anasisitiza kumtolea babu mawe kwenye mchele. Babu alikula mawe miaka. Alipoulizwa na wajukuu, alijibu kwamba meno ni yake.

Bi Mahfudha akacheka. Kicheko kilimtoka na machozi pamoja, hakuweza kuvitenga, akaviacha vitoke vyote. Hakupoa moyo, kwa kweli ulimuuma zaidi kuliko alfajiri, maana sasa aliuona ule mkono ukishuka, kila Alhamisi ukishuka. Lakini maumivu yalikuwa na uso anaoujua. Mwaka mzima alikuwa ameuguza swali, kumbe ndani yake alikuwa amelala Khelef.

Mchana kutwa wakafanya kazi. Waliinamisha rejeta na kuigonga na kuisuuza mpaka maji yalipotoka yanang'aa kama ya mfereji, na Clifford akaweka jicho tunduni akasema sasa unaweza kuona Mombasa. Wakayasuuza na mabomba ya ukutani. Wakairudisha rejeta chumbani, wakakaza nati, wakabadilisha ile koki iliyokwisha meno. Zakayo akatia ndani dawa ya kuzuia kutu, akajaza maji, akatoa hewa kwa kifunguo kidogo cha shaba ambacho Bi Mahfudha alimtolea mwenyewe sandukuni. Kilikuwa cha Khelef. Hewa ikatoka ikifoka, ikapungua, ikaisha. Tone moja la maji likafuata, Zakayo akafunga.

Waliwasha boila. Mlio ukaja, ko, ko-ko, kutoka jikoni, ukapita ukumbini, ukapita kwa Rukiya, ukakata kona. Wakausikia ukiingia chumbani.

Bi Mahfudha alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kiganja chini kabisa ya rejeta, pale palipokuwa jiwe. Alingoja. Joto likaja polepole chini ya vidole, mpaka ikabidi auondoe mkono. Aliuchukua mswala na kofia akavirudisha juu ya kiti, na kiti akakisogeza karibu na rejeta, kama mtu anayemsogezea mgeni.

Rukiya aliporudi kutoka kazini magharibi alikuta uani kumeng'aa. Clifford, bila kuagizwa, alikuwa amesugua sakafu kwa sabuni mpaka njia ile nyeusi ikafutika, na kiatu chake kimoja kimelowa chepechepe. Rukiya akaingia chumbani kwa baba yake akahisi joto, akasimama katikati ya chumba. Halafu akamuuliza mama yake kilikuwa nini hasa.

"Tope," alisema Bi Mahfudha.

Zakayo alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu, akasikia. Hakuinua uso. Rukiya akashukuru, akasema basi zising'olewe, baba alizipenda, akaenda kubadili nguo.

Gari la kampuni lilikuwa limeshafika na dereva anapiga honi. Bi Mahfudha aliwafuata mpaka getini na mfuko wa maandazi yaliyobaki. Akampa Clifford, akamwambia mdomo kama wake unahitaji kazi nyingine ya kufanya. Clifford akaupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akatangulia garini.

Zakayo akasema rejeta ile sasa iko salama. Isiguswe, akiona imekuwa baridi juu, ni hewa tu, kifunguo kitatosha. Haitahitaji fundi kwa miaka, inshallah.

"Ndiyo maana nakualika bila kungoja iharibike," alisema Bi Mahfudha. "Ijumaa mnapumzika, sivyo?"

"Tunapumzika, bibi."

Alilishika lango kwa mkono mmoja. Nyumba nyuma yake ilikuwa imewashwa taa, na huko ndani kulikuwa na mtu mmoja anayempenda ambaye hatamwambia jambo hili, na nje kulikuwa na mtu huyu mmoja ambaye hana haja ya kumwambia, kwa kuwa anajua.

"Alhamisi itanishinda," alisema. "Mikono imezoea. Uje tena, mwanangu. Uje Ijumaa unywe chai, uone kwamba sijayagusa."